Kumbe haikuwa mikono, ilikuwa nyonga

Miezi minne nilipiga pushapu kila asubuhi kama kuruta, nikafika 50 kwa mkupuo mmoja, mashati yakaanza kunibana mabegani, mke wangu akafurahi, na baharini, kwenye safingi ninayojifunza, bado nilikuwa sisimami. Nalala kwenye bodi, ule ubao wa kupandia mawimbi, wimbi linakuja, nasukuma, nafika magotini, bodi inayumba, naingia majini kichwa kwanza. Kuna Jumamosi moja nilihesabu mawimbi 19 na sikusimama hata moja. Jumatatu yake niko kazini nimeinama juu ya simu ya mteja iliyofunguliwa, nikasikia kitu kinashuka puani, na kabla sijainua kichwa matone mawili ya Bahari ya Hindi yakatua pembeni kabisa ya bodi ya simu. Maji ya chumvi, juu ya simu ambayo mwenyewe ameileta kwa sababu iliingia maji. Nilifuta haraka, mteja hakuona, namshukuru Mungu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi ni fundi simu, mtu wa Pangani, na Durban, Afrika Kusini, niko mwaka wa tisa sasa. Kibanda chetu kiko katikati ya mji, ile barabara ambayo kibao kinasema Dr Pixley KaSeme ila wengi bado wanaiita West Street, ukiishuka moja kwa moja inakutupa baharini. Miaka yote hiyo bahari nilikuwa naiona Jumapili tu, na familia, na chips. Nilipoanza safingi nilikuwa na miaka 41. Nilimpigia mama nikamwambia nimeanza kusafu, akauliza, "Unasafu nini mwanangu, safu ya milima?" nikaanza kueleza kwamba unalala kwenye ubao, unasubiri wimbi, halafu unasimama juu yake linakupeleka mpaka ufukweni. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na ukifika?" Nikamwambia unarudi tena. Hapo akabadilisha mada akaniuliza habari za watoto.

Sasa kitu chenyewe ninachotaka kuongelea ni hicho kisekunde kimoja cha kutoka kulala mpaka kusimama. Wenyewe wanaita popapu, mimi nimezoea kusema kuchomoka, maana ndivyo inavyotakiwa iwe, unachomoka kama mtu aliyelalia siafu. Uko kifudifudi, unapiga makasia kwa mikono, wimbi linainua mkia wa bodi, bodi inaanza kuteleza yenyewe bila wewe kuisukuma, na pale pale unaweka viganja chini usawa wa mbavu, unasukuma kifua juu, na miguu yote inakuja chini yako kwa pamoja, wa mbele unatua katikati pale mikono ilipokuwa na wa nyuma unatua karibu na mkia. Mimi wa mbele ni wa kushoto, na wenyewe mtu kama mimi wanamwita regula, akitanguliza wa kulia wanamwita gufi, hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Ukielezwa unaona rahisi mno. Unaona hata mtoto anaweza, na ni kweli mtoto anaweza, hilo ndilo linalouma, unaanguka huku pembeni yako kuna katoto ka miaka 8 kamesimama kanapunga mkono kwa mama yake.

Nilikuwa najifunzia Addington, upande wa kusini wa ufukwe, ambako mawimbi mara nyingi ni mapole kidogo kuliko kule kwenye magati ya North Beach walipo wababe. Mwalimu wangu alikuwa binti wa Kizulu, umri unakaribiana na wa binti yangu mkubwa, ananiita malume, yaani mjomba, kwa heshima zote, halafu anakufokea kama kocha wa ndondi. "Bheka phambili, malume!" Angalia mbele! Maana kosa langu la kwanza lilikuwa macho. Naangalia miguu yangu kuona kama imefika, na kichwa kikienda chini mwili wote unakifuata. Kosa la pili nashika kingo za bodi badala ya kuweka viganja bapa juu yake, ukishika kingo ukasukuma, bodi inalala upande mmoja, kwisha habari yako. Kosa la tatu ni hilo la magoti. Nilikuwa natua na goti kwanza eti nipumzike kidogo halafu ndio nisimame, na kwenye wimbi hakuna kituo cha katikati, ukishapiga goti umekaa pale mpaka mwisho kama muumini.

Macho na viganja nilirekebisha ndani ya wiki chache. Goti likagoma. Ndio nikaamua tatizo ni nguvu, mikono haina nguvu ya kutosha, nikaanza hizo pushapu.

Dawa ikatokea kwenye simu, kama kawaida yangu. Nilimwomba jamaa mmoja wa Bukavu, yule anayelinda magari pale maegesho ya ufukweni, anirekodi kwa ile video ya polepole. Jioni nikaiangalia pale mezani, narudisha, nasogeza, narudisha, kama ninavyotafuta shoti kwenye bodi ya simu. Na nikaona. Mikono ilikuwa imeshamaliza kazi! Imenyooka, kifua kimeinuka, kila kitu safi, ila mguu wa kushoto ulikuwa unatoka nyuma, unafika usawa wa goti la kulia na unakwama hapo. Hauna pa kupita. Nyonga yangu haikunjiki kiasi cha kuuleta mguu mpaka mbele, na mgongo wa juu umejikunja kama wa bibi kizee kwa hiyo hata kifua kilichoinuka hakijainuka kweli, nafasi chini ya tumbo ni ndogo kama uvungu wa kitanda. Goti linatua kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoenea pale.

Yaani mikono kazi yake ni kufungua mlango tu, anayepita ni mguu, na mimi miezi minne nilikuwa naongeza nguvu ya bawabu.

Ukifikiria ni jambo la wazi. Nakaa kwenye kiti masaa 10 kwa siku, nimeinamia mikroskopu na blowa, mabega mbele, shingo mbele, mapaja yamekunjwa hivyo hivyo toka asubuhi mpaka jioni. Kuna misuli mirefu ndani huko inayotoka mgongo wa chini inapita mbele ya nyonga inashika paja, ukiiacha imekunjwa miaka na miaka inazoea ufupi huo, ukitaka kuinyoosha inakuvuta kiuno. Na nyonga yenyewe ukiwa hauitumii mpaka mwisho wake, mwisho unasogea karibu, mwaka huu hapa, mwaka ujao hapa, hujui mpaka siku unapoihitaji.

Nikajipima kwa kuchuchumaa. Hapo ndipo nilipopata aibu kamili. Mimi nimekulia Pangani, nimecheza gololi nimechuchumaa tangu kutoka chuo cha Qur'ani mpaka magharibi, visigino chini, magoti kwapani, nikisimama naruka tu kama chura. Choo cha shimo, kuchuchumaa. Kusubiri ngalawa za wavuvi mtoni, kuchuchumaa. Leo nashuka, nikifika katikati visigino vinanyanyuka vyenyewe, nashikilia mlango wa kabati, na mwanangu wa mwisho yuko pembeni ananiangalia amechuchumaa bila shida yoyote anakula biskuti. Kipimo kingine kinaonyesha kifundo cha mguu, unaweka vidole kama sentimita 10 kutoka ukutani, kisigino chini, unajaribu goti liguse ukuta. Mguu wa kushoto ulikuwa hauendi hata nikiwa sentimita 5. Na kifundo kikiwa kigumu, hata ukibahatika kutua, huwezi kukunja magoti ukakaa chini, unasimama wima kama nguzo ya umeme na wimbi linakutupa.

Basi pushapu nikazipunguza zikabaki 15 tu, na zenyewe za kujirusha, viganja vinaachana na sakafu kidogo, maana kuchomoka ni kitu cha kasi, huhitaji kusukuma mara 50, unahitaji kusukuma mara moja vizuri. Muda uliobaki nikaupeleka chini huku. Kuchuchumaa dakika tatu asubuhi nimeshika mguu wa kitanda, na jioni tena wakati wa taarifa ya habari. Halafu goti moja chini moja mbele kama mtu anayeomba kuoa, kiuno nakisogeza mbele polepole mpaka nasikia ile misuli ya paja inalia, dakika moja na nusu kila upande, bila kudundadunda. Kulala kifudifudi na kunyanyua kifua kama nyoka, hii ni ya mgongo wa juu, unaachia pumzi taratibu na unahakikisha mabega hayapandi masikioni. Na kifundo ukutani. Vyote kwa pamoja haivuki dakika 20. Wiki tatu za mwanzo sikuona tofauti yoyote zaidi ya kuumwa sehemu ambazo nilikuwa sijui kama ninazo, wiki ya sita visigino vikagusa chini, nikamwita mke wangu aje aone, akasema hongera, sasa unaweza kurudi kijijini.

Mazoezi ya kuchomoka kwenyewe nilifanyia sebuleni. Nilibandika selotepu nyeupe sakafuni nikachora umbo la bodi na mstari wa katikati, na alama mbili za miguu inapotakiwa kutua. Kwanza polepole kwa hatua, kifua juu, mguu wa nyuma, halafu nyonga inazunguka kidogo kumpisha wa mbele, natulia, naangalia kama nyayo ziko juu ya mstari. Ukikimbilia kasi kabla ya hapo unakuwa unafanyia mazoezi kosa, na kosa ukilifanya mara 500 linakuwa lako kabisa. Baadae ndio nikaweka kasi.

Sasa tunakaa ghorofa ya tatu. Chini yetu kuna anti mmoja wa Kihindi, mtu mzima, anaishi peke yake na ndege wake kwenye tundu. Siku ya kwanza ya kasi niliruka mara tatu tu nikasikia ko ko ko, ufagio kwenye dari lake. Nikaacha. Kesho yake asubuhi tena, puu, ko ko ko. Nikaenda kumwomba radhi nimebeba sambusa, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho akasema hajakataa nifanye mazoezi, ila kwa nini natua kama gunia la viazi? Nikabaki nacheka, lakini nikipanda ngazi likaniingia. Kweli, kwa nini natua kama gunia? Bodi iko juu ya maji, ukitua kwa kishindo unaikandamiza upande mmoja, inapoteza mwendo, inayumba. Mguu ukiwa umeletwa na nyonga unatua mwepesi, ukiwa umetupwa tu unaanguka kwa uzito wake. Toka siku hiyo sikuhitaji video, nilikuwa na ufagio. Wiki za mwanzo uligongwa mara nne kati ya kumi, ikaja mbili, ikaja siku ambazo hakuna. Mwezi wa pili nikakutana naye kwenye lifti akaniuliza, vipi, ulishaacha ule mchezo?

Nisije nikadanganya watu kwamba sakafu inatosha. Sakafu haiteremki mbele yako. Baharini bodi imeinama, pua iko chini, na ukiweka mikono mbele sana usawa wa mabega ukasukuma, unaizamisha pua mwenyewe unarushwa kama mtu aliyefunga breki ya mbele ya baiskeli. Halafu kuna uchovu. Watu waliowapima wasafu wa mashindano waliona kama nusu ya muda wa majini ni kupiga makasia, sehemu kubwa ya uliobaki ni kukaa kusubiri, na kuwa juu ya wimbi kwenyewe ni asilimia chache mno. Fikiria hapo, unakuja kuchomoka ukiwa na mabega yaliyokwishaungua. Wimbi la kwanza la asubuhi nilikuwa nasimama vizuri, la kumi narudi magotini, na sio kwamba nimesahau, ni mafuta yameisha. Nikachukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nikaufunga kwenye kitasa, nikawa nauvuta kama ninavyovuta maji, seti tatu, mara tatu kwa wiki, pamoja na kuogelea. Hilo ndilo zoezi la mikono ambalo lilinisaidia kusimama, na halifanani kabisa na kusimama.

Kosa la pesa nalo nilifanya. Nilikuwa na bodi ya sponji ya kukodi, futi 8, nene, inaelea kama mtumbwi, nikaona aibu, nikanunua ya mtumba ya futi 6 na inchi 2, nyembamba, nzuri, ina michoro. Bodi ndogo inataka wimbi likubwa zaidi na mtu wa haraka zaidi, ukichelewa robo sekunde umekwisha. Miezi miwili nikarudi nyuma kabisa. Iko uvunguni mpaka leo, mke wangu huitoa tu kuanikia nguo za watoto.

Na kuna lile la kichwani. Ukitoka kwenye povu, yale mawimbi yaliyokwishavunjika, ukaenda kwenye wimbi bichi lenyewe, kuna sekunde unapochungulia chini unaona shimo. Mwili unajua kila kitu kwa wakati huo, nyonga iko tayari, mabega yapo, na wewe unasita. Ukisita wimbi linakupita au linakupiga, hakuna la tatu. Nilimlalamikia yule jamaa wa Bukavu, ambaye bodi hajawahi kupanda na hana mpango, ila ujanani alicheza judo huko kwao. Akaniambia, "Kaka, weye unawaza mingi. Mu judo, ukisha kuamua, unaenda. Ukiwaza katikati, uko chini." Binti naye alinipa dawa ya vitendo zaidi: ukihisi wimbi limekuinua usiruke hapo hapo, piga makasia mawili zaidi ya nguvu. Mawili hayo yanaifanya bodi iteleze kweli, na bodi inayoteleza ina utulivu, kama baiskeli iliyoshika mwendo. Na kuhesabu mbili kunaipa akili kazi, haipati muda wa kuchungulia shimo.

Kuna kitu huwa nakiwaza nikiwa nimekaa kwenye bodi nasubiri, miguu inaning'inia majini. Huyu binti ananifokea kwenye maji ambayo mpaka 1989 fukwe zake nyingi zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, huu wa wazungu, huu wa Wahindi, huu wa Waafrika, na zilizokuwa nzuri kwa mawimbi unajua zilikuwa za nani. Mwaka 1972 Eddie Aikau, Mhawaii, mmoja wa wasafu wakubwa kabisa wa wakati wake, alikuja hapa Durban kushindana, hoteli ikamkatalia kwa rangi yake, akaenda kukaa na familia ya kina Shaun Tomson, kijana wa hapa hapa ambaye 1977 akaja kuwa bingwa wa dunia. Nilimsimulia binti nikidhani namfundisha, kumbe anaijua yote, bibi yake alikuwa anafanya kazi kwenye moja ya hoteli za hapa mbele. Akasema tu, "Paddle, malume," maana wimbi lilikuwa linakuja.

Lililobadilisha mambo lilikuja mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, umande umetulia, nikimaanisha umande ule wa wavuvi wa kwetu, upepo mwembamba wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini, ambao hapa wakati wa kipupwe unalainisha uso wa wimbi likawa kama kioo kipya kabla hujatoa plastiki. Kiangazi ni tabu, unavuma wa kaskazini mashariki, mama kaskazi mwenyewe, bahari inachafuka na inaleta vile viwavi vya baharini vya bluu vyenye mkia unaowasha, kimoja kilishanizunguka shingo nikatoka majini nalia bila kuficha. Asubuhi hiyo hakukuwa na chochote. Wimbi likaja la kifuani, nikageuza bodi, nikapiga, likaniinua, moja, mbili, viganja mbavuni, na sikumbuki mguu. Kweli kabisa. Nakumbuka niko chini, magoti yamekunjika, naona gati, naona hoteli zote zimesimama mstari na jua limezipiga, na nikashangaa kuwa kuna ukimya, kama pale sebuleni.

Halafu nikagundua kuwa sijawahi kujifunza kinachofuata. Nikaenda nimenyooka vile vile kama treni mpaka mapezi ya bodi yakakwaruza mchanga, nikashuka kwa kutembea, mzungu mmoja anayekimbia na mbwa wake akaniangalia.

Sasa hivi kati ya mawimbi 10 nasimama kama sita, saba nikiwa nimepata usingizi mzuri usiku. Wiki nikiwa na kazi nyingi, simu zimejaa, sijachuchumaa siku nne tano, goti linarudi kunisalimia, haliendi mbali. Binti ameshaanza kunisumbua na kugeuka, anataka nipeleke bega la mbele kule ninakotaka kwenda na kiuno kifuate, na nimeshaona kwenye video kwamba kiuno hakifuati. Nimebandika selotepu nyingine sakafuni, hii imepinda.